Mwanya katika kiini cha simu: kwa nini usasishe simu yako

Mvuvi wa Remba akiuza mbuta leo, mara nyingi malipo huingia kwenye M-Pesa. Simu imekuwa pochi, na usalama wake unamhusu kila mkazi.

Kila simu ya Android hutegemea Linux, programu iliyo kiini cha mfumo wake. Kiini ndicho huamua ni programu gani iguse nini. Mchezo wa mtoto, kwa mfano, hauruhusiwi kufungua faili za programu nyingine wala kubadilisha mfumo wa simu.

Mnamo Oktoba 2016 ilitangazwa kwamba kiini hicho kilikuwa na mwanya, ukapewa jina Dirty COW. Ulikuwemo tangu 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza nchini.

Chukua mfano wa daftari la mizani ufuoni. Karani hukuruhusu kulisoma tu. Ukitaka kuandika, anakupa nakala. Dirty COW ilimharakisha karani huyo kwa maombi mengi kwa wakati mmoja hadi akachanganya nakala na daftari lenyewe. Maandishi yakaingia kwenye daftari halisi. Kwa njia hiyo, programu isiyo na mamlaka ingeweza kujipa mamlaka yote ya simu.

Linux ilirekebishwa mwezi huohuo, na Google ikaweka marekebisho kwenye sasisho la usalama la Android la Desemba 2016. Hata hivyo, mnamo Septemba 2017 kampuni ya Trend Micro iliripoti programu hasidi, ZNIU, iliyoutumia mwanya huo. Ilijificha ndani ya programu zaidi ya 1,200, zikiwemo za michezo. Nchini China, ilituma jumbe za malipo bila mwenye simu kujua. Dawa ilikuwepo, simu ambazo hazikuwa zimesasishwa ndizo zilizobaki wazi.

Mkazi afanye nini?

• Fungua Mipangilio, tafuta sasisho la mfumo, ulipakue ukiwa na WiFi au bando la kutosha.
• Pakua programu kutoka Play Store pekee, si kwa viungo vinavyosambazwa kwenye WhatsApp.
• Kabla ya kununua simu, hasa iliyotumika, uliza kama bado inapokea masasisho.
• Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akidai ni afisa wa kaunti.

Ukiona pesa zimetoka bila idhini yako, wasiliana na kampuni yako ya simu mara moja, kisha upige ripoti kituo cha polisi.