Michezo ya mtandaoni: Umeme ukikatika Juba, mchezaji huhesabiwa mtoro

Mchezaji wa Juba aliyekatikiwa umeme katikati ya mechi huweza kuadhibiwa sawa na aliyeikimbia kwa hasira. Chanzo ni namna michezo ya mtandaoni inavyowapanga wachezaji.

Katika Dota 2, mchezo wa timu mbili za watu watano watano, kompyuta huwakutanisha wanaolingana kwa ustadi na kwa alama ya mwenendo. Alama hiyo hushuka mtu anaposhtakiwa na wenzake kwa hujuma, ama anapoitelekeza mechi. Anayepotea kwa zaidi ya dakika 5 huhesabiwa ametelekeza. Akirudia, hutiwa katika kundi la adhabu, na hatoki humo hadi ashinde idadi ya mechi aliyowekewa.

Kanuni hiyo ina haki yake: mmoja akiondoka, wanne waliobaki hupambana na watano. Lakini mfumo hupima muda, haupimi nia.

Mwaka 2020 Juba ilifikiwa na mkongo wa mawasiliano kutoka Uganda. Awali ilitegemea zaidi satelaiti. Hata hivyo, seva za mchezo huo ziko mbali, zikiwamo za Afrika Kusini na Dubai, na umeme si wa uhakika. Hivyo mchezaji muungwana huweza kushushwa alama na kuishia kupangwa pamoja na wenye mwenendo mbaya.

Kinga iliyopo ni ndogo: kuchagua seva inayojibu upesi, na kutoanza mechi, ambayo huweza kufika saa nzima, pasipo akiba ya umeme.