Mume akifariki, nyumba ni ya nani?

Mchimbaji mdogo akifukiwa na kifusi duarani, au akiondoka kwa maradhi ya kifua baada ya miaka mingi ya vumbi la mawe, maswali humfikia mkewe kabla matanga hayajaisha. Ng'ombe anachukua nani? Nyumba anabaki nayo nani? Huku kwetu Shinyanga na Geita, mara nyingi anayejibu ni shemeji.

Sheria kuwapanga watu kwa madaraja si jambo la jana. Takriban miaka 3,750 iliyopita huko Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, Mfalme Hammurabi alichonga sheria zake kwenye jiwe. Mtu akimpiga mjamzito hadi mimba ikatoka, malipo yalitegemea mama ni nani. Binti wa mtu wa daraja la juu, shekeli 10 za fedha. Wa mtu wa kawaida, 5. Mtumwa, 2. Mimi huandika habari za uzazi, na hapo nilirudia kusoma. Damu ni ile ile, bei tofauti.

Tusiwacheke. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali yetu mwaka 1963, Tangazo Namba 436, nazo zina madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, kisha wanaume wengine, mwisho watoto wa kike. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Anaachiwa kutunzwa na wanawe.

Wajane wawili walioondolewa majumbani mwao kwa mila ya Kisukuma walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa dosari ya nyaraka. Wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao na inapaswa kurekebisha sheria.

Na huyo Hammurabi? Alimruhusu mjane kukaa nyumba ya mumewe hadi afe, ingawa asiiuze. Wanawe wakimsumbua atoke, waamuzi waliwaadhibu.

Kwa hiyo baba na mama, liongeleeni mngali wazima, hata kama ndugu watasema mnajitakia kifo. Kiwanja kiandikwe majina yenu wote wawili. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi. RITA hupokea na kuutunza.

Msiba ukishatokea, kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Mjane anaweza kuomba usimamizi yeye mwenyewe, au kumpinga aliyependekezwa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 humsaidia bure asiye na uwezo. Nenda na cheti cha kifo na cha ndoa kama unacho, na usitie dole gumba kwenye karatasi ya ukoo kabla hujasomewa yote.