NYOKA ALIYEFUGWA BADO ANA SUMU

Ukisafiri kutoka Katesh kwenda Arusha utapita Meserani. Hapo kuna bustani ya nyoka iliyofunguliwa mwaka 1993. Utamwona kifutu amelala kimya nyuma ya kioo. Je, amekuwa mpole? Hapana. Amezoea tu kutosumbuliwa. Sumu yake ni ile ile.

Vijana wengine hukamata nyoka na kumfungia ndani ya debe. Nyoka huyo hana pa kujificha. Akishikwashikwa huwa mkali zaidi. Akikaribia kujivua gamba, macho yake huingia ukungu. Haoni vizuri, kwa hiyo huuma upesi.

Nyoka wengi hula panya, ndege na vyura. Humeza mawindo mazima mazima. Kifutu akishiba huweza kukaa wiki mbili au zaidi bila kula. Saa ya kumlisha ndiyo saa ya hatari. Mkono unaonuka panya, kwake ni panya!

Watunzaji wa nyoka hutumia vyombo vya kushikia vyenye mpini mrefu. Wewe una mikono mitupu, na watoto wako wanacheza karibu na debe. Usifuge nyoka.

Mtu akiumwa na nyoka, fanya hivi:

1. Mlaze, atulie.
2. Mvue pete na bangili kabla hajavimba.
3. Usimchanje, usinyonye jeraha, usimfunge kamba.
4. Mbebeni upesi hadi hospitali, kama ile ya Haydom.

Asitembee. Msingoje kesho.