Kujifunza Misingi ya Akili Mnemba kwa Mwenye Kazi Nyingi

Kila siku twasikia watu wakiitaja akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Wako waisifuo kupita kiasi, na wako waiogopao kama jini. Ama sisi, ambao riziki yetu hutoka katika kuandika programu za kompyuta, tulikuwa na kosa la tatu: tuliitumia bila ya kuifahamu. Udhuru wetu ulikuwa ule ule wa kila mtu, yaani hatuna nafasi. Mchana kazi, jioni watoto, na usiku tajiri hupiga simu kusema kwamba programu imekwama.

Udhuru huo ulituaibisha. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kilitutaka tutengeneze programu ya kuyatambua maombi ya mkopo yenye udanganyifu. Tukachukua mtambo uliokwisha kutengenezwa na wengine, tukaupa maombi 1,000 ya zamani, nao ukajibu sawasawa mara 950. Tukafurahi, tukatangaza kwamba umepata 95 kwa 100. Mzee mmoja mtunza hesabu wa chama hicho, asiyejua kuandika programu hata kidogo, akatuuliza: "Wanangu, katika maombi hayo ya uongo yalikuwa mangapi?" Tukamjibu, 50. "Na mtambo wenu umeyakamata mangapi?"

Tulipotazama, hatukuona hata moja! Mtambo ulisema "kweli" kwa kila ombi, na kwa kuwa maombi ya kweli yalikuwa 950, ukaonekana hodari. Lau mzee yule asingaliuliza, akiba za wachuuzi na wajane zingalipotea, na lawama ingalikuwa juu yetu.

Tangu siku ile tuliazimia kutenga nusu saa kila siku, baada ya sala ya alfajiri, kabla simu haijaanza kulia. Ziko siku zilizotupita kwa ugonjwa wa mtoto au uchovu, lakini hatukuacha. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la kwanza tulilolifahamu ni hili: katika programu za kawaida mtu huandika kanuni, na kompyuta huifuata. Katika akili mnemba ya namna hii kompyuta hupewa mifano, nayo huitafuta kanuni. Mathalani, samaki wa kilo 2 ameuzwa kwa shilingi 20,000. Mtambo huanza kwa kubahatisha kwamba kilo moja ni shilingi 6,000. Basi husema 12,000, na umekosea kwa 8,000. Huiongeza kidogo ile 6,000, hujaribu tena, na kosa hupungua, mpaka hukaribia 10,000. Mitambo mikubwa ijibuyo maswali ya watu ina mabilioni ya namba kama hiyo moja, lakini msingi ni huo huo: kubahatisha, kupima kosa, na kurekebisha.

Jambo la pili ni kwamba mifano haina budi kugawanywa. Mingine ni ya kufundishia, na mingine hufichwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi aliyekwisha kuona majibu hatujui kama ana elimu au amekariri tu.

La tatu, yafaa mtu aiandike hesabu ndogo kwa mkono wake kabla ya kuutumia mtambo wa wengine. Sisi tulimweleza binti yetu habari ya yule samaki wakati wa chai ya asubuhi. Alipouliza, "Na kama samaki ni mbovu?" tukatambua kwamba uzito peke yake hautoshi, na ya kwamba mifano michache humdanganya mwenye kujifunza.

Wala isidhaniwe kuwa hesabu hizi ni za jana. Mfaransa Legendre alichapisha mwaka 1805 njia ya kutafuta kanuni yenye makosa madogo kabisa. Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams walieleza namna ya kuligawa kosa kwa namba nyingi zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Na neno lenyewe algorithimu, lenye maana ya utaratibu wa hesabu, latokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kilieleza pia hesabu za wasia na mirathi, kwani alitaka elimu iwafae watu katika haki zao.

Basi enyi vijana, msingoje siku isiyo na kazi, maana haiji. Nanyi wazazi, watoto wenu wakijivunia mtambo uliopata 95 kwa 100, waulizeni kama alivyotuuliza mzee yule: hizo 5 zilizobaki ni za nani?