Nani Huisoma Saa ya Dunia?

Darubini ya redio ikitajwa, picha inayochapishwa ni ya sahani kubwa iliyotazama angani, utadhani sahani ndiyo inayopima mwendo wa Dunia. Sahani hukusanya tu mnong'ono. Karibu kila siku, kwa saa moja hivi, sahani ya Kokee Park, Hawaii, na ya Wettzell, Ujerumani, zilizoachana zaidi ya kilomita 10,000, husikiliza kwasa zilezile, viini vya galaksi za mbali mno. Kinachosakwa ni kiasi gani wimbi limewahi kufika huku kabla ya kule, kwani humo ndimo inamoonekana kama Dunia imejizungusha upesi au imejikokota. Lakini mitambo ya kawaida hurekodi vipande vichache vya masafa, si ukanda mzima, kwa hiyo jibu hujirudia kila baada ya nanosekunde 50 hivi, kama saa yenye mshale wa dakika isiyo na mshale wa saa. Ukikosea duara moja umepotoka mita 15 za mwendo wa nuru, na hapa watu wanagombania milimita.

Kwa miongo mingi fumbo hilo lilifumbuliwa na mchambuzi aliyeketi mbele ya Solve, programu ya kituo cha Goddard cha NASA yenye mizizi ya Fortran ya miaka ya 1970. Mrithi wake, nuSolve, imeandikwa kwa C++ na inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe. Wapo wanaosema jicho la mtu huona hitilafu ambayo mashine huipita, mathalani saa ya atomiki iliyoruka ghafla. Ni kweli, na vipindi vya saa 24 vyenye vituo vingi bado vinalihitaji. Ila jicho hulala, hutofautiana na jicho la jirani, na siku moja hustaafu na kanuni zake kichwani. Programu hulazimisha kanuni hizo ziandikwe. Tena upepo hubadili mwendo wa Dunia bila taarifa, na milisekunde moja ni kama sentimita 46 kwenye ikweta, hivyo jibu la juzi limeshachacha. GPS nayo haiwezi kushika zamu: setilaiti haitofautishi Dunia iliyogeuka na njia yake yenyewe iliyopinda. Hata hivyo fedha hufuata sahani, kwa sababu programu haikatiwi utepe.

Vipimo hivyo huongoza vyombo vya angani, husahihisha ramani za simu, na vimesaidia kuamua baadhi ya sekunde 27 zilizoongezwa kwenye saa za ulimwengu tangu 1972.