Je, Wajua? Shokapu za Pikipiki Kuukuu

Je, wajua kuwa kazi ya springi ni kubeba uzito tu? Kinachozuia pikipiki isidundedunde ni oili, inapolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ndani ya shokapu. Springi nzima na oili iliyokufa: utayumba kama ngalawa.

Shokapu za mbele za bomba linaloingia ndani ya bomba, zenye oili ya kutuliza mdundo, ziliingia sokoni na BMW R12 mwaka 1935. Boxer ya bodaboda inatumia mfumo uleule kimsingi.

Je, wajua kuwa kukaza ringi ya shokapu ya nyuma hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi? Wabishi ni wengi. Springi inayohitaji kilo 10 ili iendelee kushuka kwa sentimita 1 itahitaji kilo 10 zilezile hata baada ya kukazwa. Ringi huinua tu kimo cha pikipiki, ili ukipakia abiria isikalie chini. Mara nyingi ina ngazi 5, na kulia na kushoto lazima zilingane.

Kupima shokapu ya mbele inashuka kiasi gani ukiikalia pikipiki ni bure. Inua gurudumu la mbele mpaka shokapu inyooke yote. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la kromu, isukume iguse sili, kisha shusha pikipiki taratibu uikalie, mwenzako akiishikilia. Shuka, inua tena, pima kamba imesogea kiasi gani. Inayofaa ni karibu thuluthi ya mwendo wote wa shokapu: yenye mwendo wa milimita 120 ishuke kama 40. Ikizidi, mafundi wengi huongeza kipande cha bomba la PVC juu ya springi. Kinasaidia, ila springi ikiwa laini kuliko uzito wako, hakuna bomba litakaloitibu.

Je, wajua kwa nini pikipiki za zamani huinama sana ukishika breki, lakini zikigonga shimo mikono inauma? Vitundu vyake havibadiliki ukubwa. Oili ikipita polepole haipati upinzani wa maana. Kasi yake ikiongezeka mara 2, upinzani hupanda karibu mara 4. Dawa ni vali ndogo inayokaa chini ya springi, ambayo hufunguka oili inaposukumwa kwa nguvu.

Oili iliyoandikwa 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko 10W ya nyingine. Ukipata inayokufaa, usihamehame. Na ukijaza kupita kiasi, nafasi ya hewa hupungua, shokapu ikakakamaa inapokaribia mwisho.

Shokapu moja ya nyuma? Yamaha walinunua wazo la mhandisi Mbelgiji Lucien Tilkens, na mwaka 1973 Håkan Andersson akatwaa nalo ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250.

Ukiwa na fedha kidogo, anza mbele: sili, oili mpya, springi za uzito wako. Shokapu za nyuma zinazong'aa zisubiri. Na kabla ya kuulizia bei yoyote, inua gurudumu la nyuma, ushike tairi ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, kagua kwanza bushi za swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na beringi za gurudumu.