Nauli ya Kuondoka Iwe Tayari Kabla ya Mvua

Mtoto wa Werugha akipata nafasi ya chuo Garissa, orodha tunaijua sote: godoro, sufuria, sanduku, hela ya hosteli na ya matumizi. Nauli ya kuondoka huko kwa dharura ni nadra kuingia. Mzazi mpendwa, iingize.

Novemba 2023, mvua za El Niño zilijaza Mto Tana na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika pale Madogo. Aprili 2024 maji yakarudi. Boti iliyokuwa ikivusha watu eneo hilo ilipinduka, watu wakafa. Njia nyingine ya kurudi Taita ni kupitia Hola, Garsen na Malindi hadi Mombasa, lakini nayo inafuata bonde la mto huohuo. Kwa hiyo hela hii ni ya kuondoka mapema, tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ikishatoka. Barabara ikishakatika, igeuzeni iwe ya chakula na malazi mahali pa juu. Usimwambie mtoto "njoo nyumbani leo leo" halafu apande boti kwa kukutii wewe.

Mboga zikiuzwa vizuri, tuma kidogo kidogo kabla ya masika na kabla ya vuli. Tuma na ya kutoa, tafadhali! Mkubaliane kwamba hiyo haiguswi, hata kama wikendi imekuwa ngumu. (Tumewahi kuwa wanafunzi, tunajua inavyoguswa.) Sehemu yake aitoe akae nayo mkononi, kwa sababu umeme ukipotea na mtandao ukizima, salio la simu halilipi matatu. Na wakala, siku ambayo kila mtu anataka kutoa, huishiwa keshi mapema.

Simu ikisombwa na maji, hela haijasombwa. Iko kwenye akaunti, si kwenye laini. Ataonyesha kitambulisho, atarudishiwa namba yake. Ndiyo maana kitambulisho kifungwe kwenye karatasi ya nailoni, kikae naye mwilini, si ndani ya sanduku hosteli.

Matapeli nao husubiri mafuriko. Utapigiwa na namba ngeni: "Mama, simu yangu imeingia maji, nitumie kwa hii ya rafiki." Moyo utaruka, lakini usitume kwanza. Uliza kitu ambacho ni nyumbani kwenu tu wanakijua, mkikubaliane sasa hivi kukiwa kukavu. Kuongea Kidawida pekee hakutoshi, maana matapeli pia wana kwao. Na PIN hatutakuuliza, mvua inyeshe isinyeshe.

Andikeni namba mbili kwenye karatasi: ya mwenyeji mmoja anayeishi mahali pa juu karibu na chuo, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipishwi. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho.